Mito Kumi na Minne na Jicho Moja

Baba Mkubwa hakuuza godoro ambalo hakulilalia kwanza. Hiyo ilikuwa sheria ya karakana yake tangu siku aliyoifungua, miaka thelathini na mmoja iliyopita, na wateja wake waliijua kama walivyoujua mlango wa kuingilia. Godoro likishajazwa, likashonwa kingo na kukazwa kwa uzi wa katani, lilitandikwa juu ya benchi pana lililokuwa karibu na mlango. Ikifika saa nane mchana alivua viatu, akajinyoosha juu yake na mto mmoja chini ya kichwa, akalala robo saa. Akiamka alibonyeza pembe nne kwa kiganja, akatamka neno moja, "Laini," na hapo ndipo mwenye godoro aliporuhusiwa kulichukua. Kwa sababu ya neno hilo mtaa mzima ulimwita Mzee Laini, ingawa mwenyewe ni mtu wa mifupa mipana na shingo nene, mwenye vidole vilivyokomazwa na sindano ya urefu wa shubiri mbili.

Robo saa hiyo ndiyo ilikuwa tangazo lake la biashara. Alikoroma kwa sauti iliyopenya ukuta hadi kwa seremala wa chumba cha pili, na wapita njia walisimama mlangoni kuchungulia. Siku moja nilimsikia mwanamke akimwambia mumewe, "Mimi nataka godoro kama hilo alilolalia yule mzee."

"Una hakika ni godoro?" mumewe akauliza. "Naona kama ni mtu mwenyewe."

"Hakuna mtu anayelala hivyo kwenye godoro baya," mwanamke akasema, na wakaingia.

Mimi nilianza kufanya kazi hapo nilipomaliza mafunzo ya miaka miwili ya ushonaji katika chuo cha ufundi. Yeye ni kaka wa baba yangu, nami huniita binti yake. Alinikabidhi cherehani iliyokuwa dirishani, meza ya kukatia na daftari la vipimo. Kazi yangu ikawa kushona maganda ya magodoro na foronya za mito. Yeye alijaza, mimi nilifunika. Chumba kilikuwa kirefu na chembamba. Mwisho wake yalipangwa magunia ya sufi na ya pamba hadi karibu na dari, na nyuzi nyepesi za sufi zilielea hewani siku nzima, zikatua kwenye nywele zetu, kwenye chai na kwenye kioo cha saa ya ukutani. Hatukuziona tena, kama mtu asivyoiona pua yake.

Tatizo la jicho lilikuja polepole. Alianza kufika asubuhi jicho la kushoto likiwa jekundu, limejaa tongotongo, kope yake imevimba na kulegea. Ilipofika saa tano lilikuwa limetulia, akasahau. Kesho yake lilirudi vilevile. Alitia matone aliyoshauriwa na rafiki, kisha matone aliyoshauriwa na rafiki wa rafiki, na jicho likaendelea kuwa jekundu. Ndipo akatoa hukumu yake.

"Ni sufi," akasema. "Miaka thelathini na mmoja naivuta kwa pua. Sasa pua imejaa, imehamia machoni."

Hilo lilikuwa kosa ambalo ni mtengeneza mito peke yake angeweza kulifanya kwa ukamilifu namna ile. Jicho lilimsumbua kila alipoamka. Usiku kucha lilikuwa limeegemea mto. Basi akaushtaki mto, na kwa kuwa mito ndiyo kazi yake, akatengeneza mwingine. Ule wa kwanza aliujaza pamba iliyochambuliwa mara mbili. Wa pili aliujaza sponji, na wa tatu vipande vya sponji. Wa nne aliujaza manyoya ya kuku yaliyooshwa na kuanikwa, na Mama Mkubwa, mkewe, akatangaza kwamba yeye kuku humpokea jikoni tu. Kila mto ulipewa namba kwa chaki pembeni, na kila asubuhi alitoa taarifa kwa sauti nzito ya mtu aliyetoka mahakamani: namba tano haifai, namba sita inawasha, namba nane nilidhani ndiyo, kumbe sivyo.

Nyumbani kwao hapakuwa na mahali pa kupita. Mgeni akifika alikalia namba saba, akaegemea namba tisa, na mtoto wake akalazwa juu ya namba kumi na moja.

"Mume wangu ana mke mmoja na mito kumi na mitatu," Mama Mkubwa aliniambia, "lakini aliyehamishwa chumba ni mimi."

Alihama kwa ajili ya kukoroma. Ulikuwa mwaka sasa tangu abebe shuka zake kwenda chumba cha wageni, na sote tulilichukulia jambo hilo kuwa la kuchekesha. Hakuna aliyelihusisha na jicho, wala mimi sikulihusisha.

Kisha ikaja siku ambayo godoro moja lilitoka na ukingo uliopinda. Mshono ulianza vizuri, ukashuka taratibu upande wa kushoto kama njia inayoingia bondeni. Baba Mkubwa aliutazama muda mrefu. Akafunga jicho la kulia, akautazama kwa la kushoto peke yake, akafungua, akafunga tena. Kisha akakaa juu ya gunia.

"Upande huu kuna ukungu," akasema. "Leo ni hili. Kesho litakuwa la pili."

Niliweka mkasi mezani, nikasogea.

"Mwisho wa mwezi nafunga, mwanangu. Chumba atachukua seremala, amekiomba tangu zamani. Wewe una cheti chako, hukosi pa kushona. Mimi nikibaki humu sufi itanimaliza macho yote mawili, na mtengeneza magodoro kipofu ni mtu wa kuonewa huruma. Sitaki."

Alisema hivyo bila hasira, kisha akafumua ule mshono wote na kuurudia kwa kupapasa.

Mto namba kumi na nne ulitoka wiki hiyohiyo. Alisema ndio wa mwisho, na aliutengeneza kwa hasira ya heshima: pamba mpya iliyochemshwa na kukaushwa nyumbani, ikashonewa ndani ya maganda mawili, haukupita hata karibu na gunia la sufi. Mchana wa Jumanne aliujaribu juu ya godoro lililoagizwa na bweni la wanafunzi. Nami nilikuwa nimepiga magoti upande wa miguuni nikipima mzunguko wa ukingo.

Mkoromo ulikatika. Nilidhani ameamka, nikainua uso kumwuliza kuhusu kipimo. Hakuwa ameamka. Mdomo ulikuwa wazi, kifua kilikuwa kikijitahidi kupanda na kushuka, lakini hewa haikuingia wala kutoka. Mshonaji huzoea kuhesabu, nami nikajikuta nahesabu. Nilifika ishirini na sita. Hapo akashtuka kwa mguno mkubwa, kama mtu anayeibuka majini, akavuta hewa, na mkoromo ukaendelea palepale ulipoishia.

Alikuwa amelalia ubavu wa kushoto, shavu limezama kwenye mto. Nilisogea. Kope ya juu ya jicho la kushoto ilikuwa imevutwa na foronya hadi ikageuka nje. Ule upande wake wa ndani, mwekundu na wenye unyevu, ulikuwa ukisuguliwa na kitambaa nilichokishona mwenyewe. Yeye hakusikia chochote. Alipoamka alilifuta jicho kwa mgongo wa mkono, kope ikarudi mahali pake, naye akanionyesha wekundu.

"Umeona?" akasema. "Hata namba kumi na nne."

Nilifungua daftari la vipimo ukurasa wa nyuma na kuandika tarehe, ubavu, na ishirini na sita. Niliendelea kuandika kwa siku tisa. Katikati ya siku hizo bega lake la kushoto liliteguka kwa kubeba gunia, akalazimika kulala kwa ubavu wa kulia siku tatu mfululizo. Asubuhi zote tatu jicho la kulia lilikuwa jekundu, na la kushoto lilikuwa limetulia. Niliutazama ukurasa ule kwa makini. Sufi haichagui ubavu.

Sikuona adabu kumwambia mwenyewe kwamba nilikuwa nikimchunguza usingizini, kwa hiyo nilimsubiri Mama Mkubwa alipoleta chakula cha mchana, nikamwomba tuzungumze nje, karibu na mbao za seremala.

"Mbona unanivuta kwa siri? Umepata mchumba?"

"Hapana, Mama. Ni Baba."

"Huyo amekwisha kuoa. Mimi na mito."

Nikampa daftari. Alisoma huku akifuata mistari kwa kidole, na nilipoona hacheki nilijua amenielewa.

"Na wewe unahesabu," akasema. "Mimi nilikuwa nahesabu kabla sijahama. Nikifika thelathini nampiga kiwiko."

"Hukumwambia?"

"Nimwambie mara ngapi? Ukimwambia anakoroma, anasema umeota. Ukimwambia anakata pumzi, anasema kama angekata pumzi angekufa, na kwa kuwa yu hai basi wewe ni mwongo." Akalifunga daftari. "Lakini hili la jicho sikulijua. Hili limeandikwa. Ngoja."

Aliingia ndani, akasimama mbele ya benchi.

"Kesho tunakwenda kwa daktari wa macho."

"Kesho nina kazi," Baba Mkubwa akasema.

"Kazi ipi? Si unafunga?"

 Kesho yake tulikwenda sote watatu, nami nikiwa nimebeba daftari.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ndogo. Alisoma ukurasa wangu, akaupitia mara ya pili, kisha akamwambia Baba Mkubwa atazame chini. Aliweka kidole gumba juu ya kope ya kushoto, akaivuta kidogo tu kuelekea juu. Kope ikageuka yote, kama foronya inayogeuzwa nje baada ya kushonwa.

"Kope ya kawaida hukataa," daktari akasema. "Hii imekubali kabla sijaiomba. Mzee, unakoroma?"

"Wanasema."

"Wanaosema ni mtaa mzima, daktari," Mama Mkubwa akaongeza.

"Na mchana unasinzia?"

"Silali ovyo. Nalala kikazi."

Daktari hakucheka, lakini alichukua muda kidogo kuandika jibu hilo. Kisha akaeleza, na alieleza vizuri. Koo la mtu mwenye ugonjwa huu hulegea usingizini na kuziba, pumzi ikakatika; mwili ukashtuka, koo likafunguka, mtu akalala tena bila kujua kilichotokea. Huweza kutokea mara nyingi katika saa moja. Wengi wenye kope zilizolegea namna hii hukutwa na ugonjwa huo wa pumzi, ndiyo maana yeye akiona kope kama hizo huuliza kwanza habari za usingizi. Kope ikigeuka na kusuguliwa na mto usiku kucha, jicho huamka na vidonda.

"Na sufi?" Baba Mkubwa akauliza.

"Funga kitambaa puani ukiichambua. Lakini sufi haigeuzi kope."

Walipima shinikizo la jicho, wakapiga picha ya ndani, kisha wakamketisha mbele ya chombo chenye umbo la bakuli ambamo vitone vya mwanga huwaka huku na huku, na mgonjwa hubonyeza kitufe kila aonapo kimoja. Chumba kilikuwa na giza na ubaridi mzuri. Baada ya dakika chache vitone viliwaka bila kubonyezewa.

"Mzee," muuguzi akasema, "ukiona mwanga unabonyeza."

"Nilikuwa nautafuta."

"Kwa macho yaliyofungwa?"

Ikabidi kipimo kianzwe upya, Mama Mkubwa akiwa amesimama nyuma yake na kidole begani.

Majibu yalipotoka, daktari aliigeuza karatasi ili sote tuione. Shinikizo lilikuwa la kawaida. Lakini mshipa wa fahamu unaobeba picha kutoka jicho la kushoto kwenda kwenye ubongo ulionyesha kupungua upande mmoja, na hapo ndipo palipokuwa na ule ukungu.

"Kila pumzi inapokatika, damu hupungukiwa hewa safi," akasema. "Mshipa huu ni miongoni mwa sehemu zinazoweza kuumia. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu pekee. Nasema tusikae kusubiri. Kilichopotea hapa hakirudi. Kilichobaki tunaweza kukilinda. Utatibiwa usingizi, utatia marhamu usiku, na baada ya miezi mitatu tutapima tena." Akaweka ncha ya kalamu juu ya mstari mmoja katika karatasi. "Mstari huu usiposhuka, rudi kwenye magodoro yako ufanye kazi. Ukishuka, tutazungumza vingine."

Baba Mkubwa aliutazama ule mstari kama alivyoutazama mshono uliopinda. Jioni ile alikwenda mwenyewe kwa seremala, akamwomba asubiri miezi mitatu. Seremala akasema kuta hazina miguu, atasubiri.

Kitengo cha usingizi kilimpa kifaa cha kuvaa kidoleni na kifuani, akalala nacho nyumbani kwake usiku mmoja. Kilihesabu vizuri kuliko mimi: pumzi ilikatika mara arobaini na tatu kwa saa. Wakampa mashine ndogo yenye mpira mrefu na barakoa ya kufunika pua, ambayo husukuma hewa taratibu ili koo lisizibe.

"Nikimwona amevaa hivyo," Mama Mkubwa alisema, "nadhani tunaruka na ndege alfajiri. Najitafutia mkanda wa kufunga."

Lakini asubuhi ya nne alirudisha shuka zake chumbani. Na katika karakana alikuja mtu ambaye mimi sikuwahi kukutana naye. Alifika kabla yangu. Alikuwa ameshafagia. Aliimba, vibaya, wimbo mmoja uleule, akakumbuka majina ya wateja wa miaka ishirini iliyopita na rangi za magodoro yao. Aliniuliza tangu lini saa ya ukutani inalia tiki tiki. Nilimwambia tangu alipoinunua.

Saa nane mchana alijilaza juu ya benchi kama kawaida, akakaa robo saa nzima akitazama dari. Mteja aliyekuwa akingoja godoro lake akaingiwa na wasiwasi.

"Mzee Laini, mbona leo hukoromi? Godoro lina tatizo?"

"Godoro halina tatizo. Mimi ndiye niliyetengenezwa."

"Sasa nitajuaje ni zuri?"

"Lala wewe," akasema, akampisha. Tangu siku hiyo wateja hulala wenyewe, na mmoja tulimsahau hadi tulipokuwa tunafunga.

Furaha hiyo ilidumu wiki tatu. Wiki ya nne alifika na macho yote mawili yakiwa mekundu, makavu, anasema ni kama yamejaa mchanga. Alikaa juu ya gunia. Mashine aliivaa kila usiku, marhamu alitia, na hali ilikuwa mbaya kuliko mwanzo.

"Niliwaambia," akasema. "Nyinyi na daktari wenu. Ni sufi."

Kwa bahati mbaya seremala alichagua siku hiyohiyo kuja na futi yake.

"Nimekuja kupima tu, Mzee Laini. Kupima si kuchukua."

"Pima."

Akapima ukuta wa dirishani, akaomba radhi, nikainuka kutoka kwenye cherehani ili apite nyuma yake. Aliandika urefu kwa penseli kwenye kipande cha ubao. Baba Mkubwa alimshikia ncha ya futi upande wa pili, kwa sababu hawezi kumwona mtu akipima peke yake. 

Mama Mkubwa alipopata habari hizo alifika mchana uleule na mashine ndani ya kikapu.

"Tumehukumu mito kumi na minne bila kuisikiliza," akasema. "Leo vaa hiyo barakoa, lala hapo juu, mchana kweupe, tukuone."

Alivaa, akalala kwa ubavu wa kushoto, shavu juu ya namba kumi na nne. Mashine ikanguruma kidogo. Tulisimama kila mmoja upande wake tukimtazama, na hatukuona kitu: kope imetulia, pumzi inakwenda vizuri. Kisha uzi mmoja wa sufi ukashuka kutoka juu, kama zinavyoshuka siku zote, ukakaribia shavu lake. Haukutua. Ulipofika kwenye pembe ya jicho ulirushwa juu ghafla, ukapita kwenye nyusi na kupotea.

Nilichota kidonge kidogo cha sufi kutoka kwenye gunia, nikakishika kwa ncha za vidole, nikakizungusha pembezoni mwa barakoa. Chini ya pua kilining'inia kimya. Kwenye shavu la juu kilining'inia kimya. Karibu na mzizi wa pua, upande ule uliosukumwa na mto, kiliniponyoka na kuruka moja kwa moja kuelekea jicho.

"Rudia," Mama Mkubwa akasema.

Nikarudia. Kikaruka.

"Mnanifanya nini?" Baba Mkubwa akauliza ndani ya barakoa.

"Tulia, tunapata ushahidi."

Aliketi, tukamweleza. Hakutuamini kwa maneno. Alichukua sufi mwenyewe, akalala tena, akaipeleka polepole hadi pembeni mwa pua, ikamrukia kwenye kope. Mto ulikuwa ukiisukuma barakoa kila alipolala ubavu, ukingo ukaachia mwanya usiotosha hata unene wa mshono, na hewa ilipuliza macho yake usiku kucha hadi yakakauka. Alianza kucheka akiwa bado ameivaa, na sauti iliyotoka humo ilimleta seremala mlangoni.

"Ni mto," akasema alipoivua. "Nilisema tangu mwanzo ni mto."

"Ulisema ni sufi," Mama Mkubwa akamkumbusha.

"Nilisema mto wenye sufi."

"Na huu ni wa pamba."

"Basi nilikosea kidogo."

Alikuwa ameshasimama, mkasi mkononi. Sijawahi kumwona akifanya kazi kwa kasi ile. Alilala juu ya karatasi ya kukatia, akaniagiza nichore kwa chaki mzunguko wa kichwa, wa shavu na wa barakoa, kulia na kushoto. Alitaka mto uliobonyea pande zote mbili, ili kichwa na shavu vibebwe lakini barakoa na mpira wake vikae kwenye nafasi, visiguswe. Kujaza umbo kama hilo ni kazi ngumu, kwa sababu pamba hukimbilia palipo wazi. Aliitenga kwa kuta ndogo za kitambaa ndani kwa ndani. Kufunika ni kugumu zaidi. Foronya ya kwanza ilikunjamana kwenye mapindo, nikaifumua. Ya pili nilikata mzingo mdogo kuliko ulivyotakiwa. Ya tatu ilikaa. Aliandika namba kumi na tano, akaipapasa mikunjo ya ndani kwa kidole kimoja, akaniambia, "Hapa hata mimi nisingeweza," kisha akageukia kazi nyingine haraka.

Akalala, akavaa barakoa. Nikazungusha sufi. Ilining'inia pote.

Wiki iliyofuata muuguzi wa usingizi alimbadilishia barakoa kwa saizi ndogo, akamkazia na mikanda, akasema ilipaswa kufanywa hivyo tangu mwanzo. Macho yalipoa ndani ya siku kumi. Hata hivyo mstari wa daktari hatukuweza kuuona kwa macho yetu, na miezi miwili iliyobaki Baba Mkubwa alifanya kazi kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni nje. Hakukubali maagizo yanayovuka tarehe ya kliniki. "Nisiahidi nisichokijua," alisema.

Siku ilipofika tulikwenda tena watatu. Alijipaka mafuta, akavaa shati la pasi. Kwenye bakuli la mianga hakusinzia. Aliona mianga yote aliyopaswa kuiona, na mingine, kwa maelezo ya muuguzi, aliibonyezea kabla haijawaka. Daktari aliweka kidole gumba kwenye kope na kuvuta. Ilikuja kidogo, ikasita.

"Sasa inajibu," akasema.

Kisha akaweka karatasi mbili kando kwa kando, ya zamani na mpya, na ncha ya kalamu juu ya mstari. Mama Mkubwa alinishika mkono kwa nguvu. Mistari ilikuwa sawasawa. Ule ukungu mdogo ulikuwa palepale na haukuwa umeongezeka hata kidogo.

"Haujashuka," daktari akasema. "Tutaendelea kuuangalia kila baada ya miezi sita. Usiache mashine. Lakini nenda ukafanye kazi, mzee."

 Baba Mkubwa alifunga jicho la kulia, akautazama ule mstari kwa la kushoto peke yake, akausoma hadi mwisho wa karatasi. Kisha akamwuliza daktari yeye hulalia mto wa aina gani.

Tuliporudi, seremala alikuwa amekaa kwenye kizingiti chetu.

"Vipi, Mzee Laini?"

"Haujashuka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ukuta wako ubaki hapohapo ulipo."

Seremala alifikiri, akajikuna shingoni kwa penseli. "Afadhali," akasema. "Nilishajua nitaweka wapi mbao. Sikuwa nimejua nitapiga soga na nani."

"Ingia basi, usimame kama mtu mwenye kazi. Godoro hili ni la watu wawili na huyu binti namhitaji kwenye cherehani."

Seremala akavua viatu, akaingia, akashika pembe mbili. Baba Mkubwa akashika nyingine mbili, akahesabu hadi tatu, wakaligeuza.